Simu ya Nansio Iliyopokelewa Upesi Mno

Ninyi mnaofungua simu kwa kuionyesha uso tu, hebu punguzeni mwendo kidogo mnisikilize. Mimi ni Jovitha, mzaliwa wa Muleba, mkazi wa Mabatini hapa Mwanza tangu nikiwa na nywele nyeusi, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa kompyuta. Mkipita dukani kwangu mnanikuta nauza vocha na sabuni, mnadhani nilizaliwa nikiwa kwenye kiti hiki. Kuna wakati nilikuwa nikiingia ofisini watu wanasimama. Si kwa heshima, ni kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia, "Simama, niachie kiti."

Wengi waliponiona mara ya kwanza waliuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikisema ndiye mimi, wanajibu, "Aa, dada, tunamaanisha fundi mwenyewe." Nilishazoea. Nilikuwa naweka mkoba chini, nafungua mashine, na maswali yanaisha yenyewe.

Miaka ile ya tisini soko lilikuwa limefunguliwa na kila mtu anakimbia. Viwanda vya minofu viliota ufukweni, sangara wetu wakawa wanapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki tunanunua mapanki, yale mafupa yenye vinyama viwili vitatu. Mimi niliajiriwa na kampuni moja ya samaki ambayo jina lake naliacha lipumzike. Ilikuwa na vituo vya kununulia, kimoja Nansio kule kisiwani Ukerewe, kingine upande wa Magu. Zamani vituo hivyo viliongea na Mwanza kwa redio koli. Ubaya wa redio ni kwamba haina siri. Karani wa Nansio akisema leo samaki ni wengi, leteni barafu, kabla hajamaliza kusema "ova" boti za washindani zimeshawasha injini.

Ndipo kampuni ikaweka kompyuta kila kituo. Asubuhi karani anaamuru mashine yake ipige simu Mwanza, anaingia kwenye mashine kubwa ya makao makuu, anaandika uzito wa samaki, anaomba barafu, anatoka. Ninyi siku hizi mnaita hiyo kufanya kazi kwa mbali, na mnadhani mmeianza juzi.

Basi, mambo yalikuwa yanakwenda, hadi wakubwa walipoamua tubadilishe mfumo mzima wa kompyuta. Akaja mtaalamu kutoka Dar na boksi la diski. Alifanya kazi vizuri, simsemi vibaya, lakini alikuwa na haraka ya kuwahi ndege. Akaniachia funguo za chumba cha mashine na tabasamu.

Kesho yake asubuhi niliwakuta wahasibu wote wamekaa mbele ya mashine zao, mikono mapajani, kama watu wanaosubiri sala ianze. Nikauliza kulikoni. Mmoja akanionyesha skrini. Mfumo mpya ulikuwa unasema: ili uingie, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Alt na Delete.

"Si ndivyo ulivyotukataza, Dada Jovitha?" akaniambia. "Ulisema atakayebonyeza hivyo vitatu atakuwa ameua kazi ya siku nzima. Tukasema huu ni mtego, tumsubiri mwenyewe."

Na kweli nilikuwa nimewakataza, tena kwa kukunja uso. Katika mfumo wa zamani vitufe hivyo vilizima mashine bila kuaga. Mfumo mpya ukaja ukavifanya ndiyo hodi ya mlangoni. Nilizunguka meza zote nikibonyeza kwa vidole vyangu mwenyewe, na bado kuna mzee mmoja alifumba macho.

Mfumo wa zamani ulikuwa mpole. Ulikuuliza jina na neno la siri, hiyo mnayoiita nywila, lakini ukibonyeza kitufe cha kukataa ulikuachia upite vilevile. Watu wakawa hawakumbuki hata kama wana neno la siri. Mpya ulikuwa hautaki mzaha. Herufi kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo, na usipotajwa kwenye orodha yake hupiti. Wiki ile jina langu liliitwa kila chumba mpaka nikalichukia.

Chukueni hili moja la bure: mtu akikwambia neno lake la siri limekataliwa, usikimbilie kulibadilisha. Tazama kwanza taa za kibodi. Msimamizi wa Magu alinipigia simu akiwa amefura hasira, anasema neno lake ni namba tupu, analijua kama jina la mkewe, na mashine inamkatalia. Nikamuuliza namba anaziandikia wapi. Akasema pale pembeni kulia, zilipopangwa kama za kikokotoo. Nikamwambia atazame juu yake, kuna taa inayowaka? Hakuna. Mfumo wa zamani ulikuwa unaiwasha ile taa wenyewe; mpya uliiacha imezimwa, na taa ikizimwa namba za upande ule haziandiki kitu.

"Bonyeza kitufe cha juu kabisa cha upande huo."

"Imewaka."

"Haya, andika sasa."

Kisha nikasikia kicheko. "Imekubali! Dada, umefanyaje hata ukaiona taa ukiwa huko Mwanza?"

Siku ile nilitembea kichwa juu. Nilijiona nimeshakuwa fundi wa kutibu kwa simu, sina haja ya kupanda basi wala meli. Kumbukeni hapo, maana ndipo nilipoanza kupotea.

Lakini kabla sijafika Nansio nimtaje Mzee Kyaruzi. Huyu alikuwa fundi wa simu, Mlutheri wa Bukoba, amestaafu serikalini na kampuni ikamchukua atutunzie laini. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na kila nilichokifaidi katika kazi hii nilikipata kwake. Alikuwa na neno lake moja: "Mtu akikwambia mashine imekataa, amekwambia alivyojisikia. Hajakwambia kilichotokea." Na dawa yake ilikuwa moja: kaa nyuma ya mtu, funga mdomo, tazama mikono yake.

Nilimwona akiifanya dawa hiyo hapahapa Mabatini. Kulikuwa na ofisi ndogo ya uchapaji, na katibu muhtasi wake alilalamika kwamba kompyuta inazima kila siku saa za kazi zikipamba moto. Nilikwenda mara nyingi. Kila nikifika inafanya kazi vizuri, haina hata chafya. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, nikiondoka tu inazima. Mzee Kyaruzi akaenda na gazeti lake, akaomba kiti cha nyuma, akakaa kama mtu anayesubiri mgeni. Yule dada kwanza alikuwa na aibu naye. Saa zilivyokwenda akamsahau. Ndipo akafungua saraka ya meza, akatoa kitambaa cheupe kizuri alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, akaitandika mashine huku inawaka, kama tunavyofunika redio sebuleni. Mashine ikawa haipumui, joto likapanda, ikazima.

Nikimwendea mimi alikuwa anakiondoa kitambaa upesi ili fundi afanye kazi kwa nafasi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa unatoka mlangoni mimi ninapoingia. Mzee Kyaruzi hakumcheka yule dada. Alikisifu kitambaa, akamwambia akitandike jioni mashine ikishalala. Aliyechekwa ni mimi, njia nzima mpaka mjini.

Sasa Nansio. Karani wa kule alikuwa Tereza, msichana wa Kikerewe mwenye sauti ya upole, aliyeanza kwa kusema kwenye redio koli, akajifunza kompyuta kwa miezi michache hadi akanipita hata kwa kuchapa. Nilimpenda kama mdogo wangu. Alikuwa akiishi na mama yake ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi, hatoki kitandani. Tereza ndiye anayemgeuza, anamlisha na kumwogesha. Kazi ile kuwa jirani na nyumbani ndiyo ilikuwa inawaweka wote wawili.

Baada ya mfumo kubadilishwa, Mwanza tulitulia, Magu wakatulia, Nansio ikagoma. Kila asubuhi Tereza alifuata hatua zote. Mashine inapiga simu, inapiga kelele zake, inauliza jina, anaandika, inauliza neno la siri, anaandika, inakubali. Halafu, pap, laini inakatika. Anarudia, inakatika tena. Mwisho anarudi kwenye redio koli, na kabla boti yetu ya barafu haijaondoka Mwanza, za wenzetu zimeshafika na kupakia.

Nilimtibu kwa simu, si nilishajiona bingwa? Nikampigia, simu inapokelewa. Nikamwambia achomoe waya huu, achomeke ule. Apunguze kasi ya modemu, kile kijisanduku kinachoiunganisha kompyuta na simu. Azime, awashe. Tereza alifanya yote, hakuchoka wala hakunijibu vibaya. Jambo moja nilikuwa nalisifu kabisa: simu ya Nansio ilikuwa ikipokelewa upesi. Unapiga, haijamaliza kulia mara ya kwanza, "Haloo, Nansio hapa!" Nilimwambia hata Meneja kwamba kama ofisi zote zingekuwa na nidhamu kama ya Nansio tungekuwa mbali.

Meneja hakuvutiwa na nidhamu. Tulimwita Bosi, mtu asiye na maneno mengi. Aliniita akasema, "Ijumaa asubuhi nitakaa mwenyewe mbele ya mashine kubwa. Nansio wasipoingia, meza ile naifunga. Siwezi kununulia washindani samaki. Huyo karani akitaka aje huku kiwandani, kuna nafasi kwenye kukata minofu."

Sijui nani alimwahi Tereza na habari hizo. Nilipompigia, aliongea kwa sauti ya chini sana.

"Dada Jovitha, mimi Mwanza siwezi kuja. Unamjua mama. Nani atamgeuza? Kama meza inafungwa usinifiche, nianze kuhangaika mapema."

Nilimwambia haifungwi. Nilipoweka simu chini nilijua nimeahidi kitu nisichokijua. Nikaenda kwa Mzee Kyaruzi, nikamweleza kila kitu nilichojaribu, kwa marefu na mapana. Alinisikiliza huku anamenya chungwa.

"Umekaa nyuma yake?"

"Mzee, yuko Nansio."

"Sikukuuliza yuko wapi. Nimekuuliza, umekaa nyuma yake?"

Miaka ile sisi watu wa Kagera kupanda meli kulitaka moyo baada ya ile iliyozama na ndugu zetu, na anayejua anajua. Nilijikaza, nikakata tiketi, nikakaa karibu na mlango njia nzima nikisali kimyakimya. Nilifika Nansio siku ya Alhamisi mchana.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bati, si mbali na mwalo, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Ndani kulikuwa na meza ya Tereza, kompyuta, simu nyeusi pembeni yake, na benchi refu lililojaa watu. Nikadhani ni wauza samaki. Mlangoni alikuwa amekaa mlinzi, Mzee Magesa, na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha kana kwamba mimi ni binti yake aliyepotea, akanipa kiti. Nikakiweka nyuma ya Tereza.

"Fanya kama unavyofanya kila siku," nikamwambia. "Mimi sipo."

Akaamuru mashine ipige simu. Kelele zikalia, jina likaulizwa, neno la siri likaulizwa, yote yakakubaliwa. Pap, laini ikakatika. Tereza akageuka kunitazama, macho yamejaa. Nikamnyamazia, maana nilikuwa nimeapa kufunga mdomo.

Hapohapo simu nyeusi ikalia. Haikumaliza kulia mara moja. Mzee Magesa alitoka mlangoni na umri wake wote akaidaka.

"Haloo, Nansio hapa! Haloo? Haloo, sema baba!" Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaiweka chini. "Ni ileile."

"Ileile ipi, mzee?" nikauliza.

"Hii inayopiga miluzi. Kila Tereza akimaliza kuhangaika na mashine yake, simu inaria. Ukipokea hakuna mtu, ni miluzi tu. Tiii, inanyamaza, tiii. Tumeizoea."

"Mbona hamkuniambia?"

Mzee Magesa akanitazama kwa huruma. "Wewe mama uliuliza habari za kompyuta. Za simu hukuuliza."

Jamani, nilikaa chini kwenye kiti ambacho tayari nilikuwa nimekikalia. Niliona kila kitu kwa mara moja. Mtaalamu wa Dar, kwa kuwa aliambiwa washindani wana masikio marefu, aliipa mashine kubwa ulinzi wa ziada, alionitajia mbiombio akiondoka nami nikausahau: Nansio ikipiga na kutaja jina, mashine kubwa inakata kwa makusudi, halafu inapiga yenyewe kwenye namba inayoijua. Hapo hata mwizi wa neno la siri hafiki popote, maana simu inarudi Nansio, hairudi kwa mwizi. Kompyuta ya Tereza ilikuwa inangoja simu hiyo iipokee yenyewe. Lakini haikupata nafasi hata siku moja, kwa sababu Nansio nzima ilikuwa inaiwahi.

Na lile benchi halikuwa la wauza samaki. Simu ile ilikuwa simu ya mtaa. Mwenye mtoto anayesoma Mwanza, mwenye mume aliyekwenda migodini, mwenye mgonjwa hospitali, wote walikuwa wametoa namba ya ofisi yetu kwa ndugu zao, na Mzee Magesa ndiye aliyekuwa akiwapokelea na kuwaita. Alijua nani amejifungua na nani amefeli mtihani kabla ya wazazi wao. Mimi nilipokuwa napiga kutoka Mwanza kuchunguza tatizo, tatizo lenyewe ndilo lililokuwa linanijibu haloo.

Nikampigia Mzee Kyaruzi. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Na Magu je, mbona wao wanaingia?" Nikakumbuka: msimamizi wa Magu aliifungia simu yake kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli, asiiguse mtu mwingine. Ikilia, hakuna wa kuiwahi, mashine inapokea kwa raha zake. "Basi," akasema mzee, "Magu wamefaulu kwa uchoyo, Nansio wamekwama kwa ukarimu. Nenda kawatibu ukarimu bila kuwaua."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kisanduku na kufuli. Nilipolitamka, benchi zima lilinigeukia. Tereza akanivuta pembeni.

"Dada, ukiifungia hiyo simu mimi nitapita wapi hapa mtaani? Nikiwa kazini, hawa ndio wanaokwenda kumwangalia mama. Yule pale, Mama Nyangeta, ndiye anayemgeuza saa sita."

Mzee Magesa naye akasema kwa wote wasikie, "Simu ikiria, unapokea. Mtu anayeacha simu iriye tu, huyo ni mtu wa namna gani?"

Kuondoa ulinzi ule kulihitaji niwe Mwanza, kwenye mashine kubwa, na meli ya kurudi isingenifikisha kabla ya Ijumaa asubuhi. Na hata ningeweza, ningekuwa nimewafungulia washindani mlango niliolipwa kuufunga. Aliyepata njia ni Tereza. Alifungua kitenge chake cha kijani alichojifunga kiunoni, akaifunika ile simu.

"Kitenge kikiwa juu," akasema, "simu ni ya mashine. Hata ilie namna gani, haigusi mtu. Kitenge kikitoka, simu ni yenu."

Mzee Magesa alikubali. Kilichomkubalisha nadhani ni kwamba simu ilikuwa inapokelewa bado, ila na mwingine. Akapita benchi lote akilitangaza, kisha akatoka nje akawatangazia na waliokuwa chini ya baraza.

Usiku nililala kwa Tereza. Tulikula ugali wa muhogo na sato, na mama yake, kitandani, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye ninayezitibu hizo mashine. Nikamwambia kwa sasa zinanitibu mimi.

Ijumaa asubuhi benchi lilijaa kuliko jana. Mama Nyangeta alikuwa amekaa mwanzo kabisa, karibu na simu, mikono ameifumbata. Binti yake alikuwa amelazwa Mwanza kwa uzazi wa kwanza, uchungu ulikuwa umeanza jana, na mkwewe aliahidi kupiga asubuhi hiyo. Nikamwambia, "Mama, tutafanya upesi."

Tereza akatandika kitenge. Akaamuru mashine ipige. Kelele, jina, neno la siri, ikakubali. Pap, ikakata.

Simu ikalia chini ya kitenge.

Sijawahi kusikia simu inalia kwa sauti kubwa namna ile. Mama Nyangeta aliinuka nusu, mkono umeshafika njiani. Mzee Magesa alinyoosha fimbo yake mbele ya benchi. "Ya mashine," akasema, nadhani anajikumbusha mwenyewe. Ikalia tena. Mama Nyangeta akauma pindo la kanga yake, akakaa. Kisha taa ya modemu ikawaka, kile kisanduku kikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na simu ikanyamaza. Kwenye skrini likatokea dirisha la mashine ya Mwanza, limefunguka wazi.

Tereza hakushangilia. Aliandika uzito wa samaki wa asubuhi ile, akaomba barafu, akasoma alichoandika, akatuma, akatoka kwa utaratibu kama nilivyomfundisha. Ndipo nikaona kuwa kitambaa cha blauzi yake mgongoni kilikuwa kimeloa jasho.

Simu ikalia tena.

Watu wote wakatazamana, hakuna aliyejongea. Ikalia, ikalia, ikalia. Mzee Magesa ameshika fimbo imara. "Ya mashine," akasema. Na mimi fundi mzima nilikuwa nimekaa naiangalia. Tereza ndiye aliyeshtuka: "Kitenge! Toeni kitenge!"

Mama Nyangeta alikirusha kule, akaidaka simu. "Haloo! Haloo mwanangu!" Akasikiliza. Uso ukamnyong'onyea, akanipa mimi. "Ni bosi wenu. Anagomba kwa nini hampokei simu."

"Jovitha," Bosi akasema, "hiyo ofisi imelala?"

"Hapana, Bosi. Tunajifunza."

Akaguna. Kisha akasema, "Nimewaona samaki wa Nansio. Mwambie Tereza barafu inapakiwa."

Nikamgeukia. "Tereza, barafu inapakiwa."

Alikiokota kile kitenge sakafuni, akajifunika uso, akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Mzee Magesa alitugombeza wote wawili, akasema watu wazima hawalilii barafu, tuondoke kwenye laini kuna mwenye shida. Tukaondoka. Haikufika saa sita simu ikalia, kitenge kikiwa kiunoni mwa mwenyewe, na safari hii sauti ilikuwa ya mkwe wa Mama Nyangeta. Mtoto wa kike, mama yake salama. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata waliokuwa mwaloni walivisikia.

Meza ya Nansio haikufungwa. Nilimwandikia Bosi nikamshauri anunue laini ya pili kwa ajili ya mashine, akajibu kitenge ni rahisi zaidi. Kwa hiyo kitenge kiliendelea, mpaka siku laini ya pili ilipokuja. Mama yake Tereza aliishi miaka mingi, akazikwa binti yake akiwa hapohapo, hajapelekwa kokote kukata minofu. Tereza mwenyewe aliwafundisha makarani wengi, na kila mmoja alianza kufundishwa kwa kuambiwa akae kwenye benchi kwanza.

Ninyi leo mnaingia kwenye mashine ya mtu aliye Dodoma mkiwa mmekaa hapa Mabatini mnakunywa soda. Ni vizuri sana, nawaonea wivu. Ila mkikwama, msiulize tu skrini inasema nini. Ulizeni chumbani kuna nani, wanafanya nini kabla na baada, na kuna kitu gani kingine kinacholia. Na mkiweza, nendeni mkakae nyuma ya mtu mfunge mdomo. Nauli yake haipotei bure.

Jumapili iliyopita nilimpigia Tereza, sasa naye ana wajukuu. Simu ililia muda mrefu mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mwisho akapokea.

"Shikamoo dada," akasema, na nikasikia kicheko kimejificha kwenye sauti. "Nilikuwa nangoja kwanza nijue ni ya kwangu au ya mashine."

"Marahaba, mdogo wangu," nikamwambia. "Ni ya kwako."